Fudistempu hazijaingia, SSI imepungua, Medicaid imefungwa: tafuta kwanza imekatikia wapi

Hii ni kwa sisi tulioko Marekani, iwe Louisville, Dayton, Des Moines, Houston au Portland ile ya Maine, tunaopokea msaada wa serikali au tunaowasomea barua wazazi na majirani wanaopokea. Nimeipanga kwa dalili, yaani unaanza na kile unachokiona leo, kadi haina kitu au barua ya deni imeletwa, alafu tunarudi nyuma mpaka kwenye chanzo. Watu wengi wakikatwa wanadhani wameonekana hawastahili tena, kumbe ukifuatilia mara nyingi ni karatasi tu. Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ilipoanza kupitia upya orodha zake baada ya korona, kuanzia Aprili 2023, walitolewa zaidi ya watu milioni 20 nchi nzima, na wengi wao hawakutolewa kwa sababu ya kipato, walitolewa sababu fomu haikurudi au barua haikuwafikia. Kwahiyo kabla hujamtukana keswaka, yule karani anayeshika kesi yako, tafuta kwanza pamekatika wapi.

Na jambo moja liingie kichwani mapema maana ndio linazaa nusu ya matatizo yote yaliyo hapa chini: hizi ofisi hazizungumzi. Fudistempu (SNAP), Medicaid na ile pesa taslimu ya TANF ziko chini ya jimbo, sehemu zingine chini ya kaunti. SSI, ile pesa ya kila mwezi ya wazee na wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha, ni Social Security, hiyo ni serikali kuu. Nyumba ya ruzuku ni ofisi ya nyumba ya mji wenu. Mama akienda Social Security akasema "mwanangu ameanza kazi" ofisi ya fudistempu haijui lolote, na akibadilisha adresi kwenye fudistempu barua za Social Security zitaendelea kwenda kwenye ile apatimenti ya zamani. Kila badiliko linasemwa mara nyingi kadri ya misaada mnayopata, inachosha lakini ndivyo ilivyo.

Kadi ya EBT haina kitu siku ambayo huwa inaingia

Usianze na ofisi. Anza na namba iliyo nyuma ya kadi ya EBT, ile ambayo fudistempu zinaingia, sikiliza salio alafu sikiliza miamala ya mwisho. Hapo utajua uko kwenye tatizo gani kati ya matatu.

Kama hela iliingia alafu ikatumika kwenye duka la jimbo ambalo hujawahi kukanyaga, huo ni wizi, wamenakili kadi yako kwenye mashine ya dukani, haihusiani na ripoti yoyote. Badilisha PIN hapohapo, omba kadi mpya, toa taarifa. Kwa bahati mbaya ule mpango wa serikali kuu wa kurudisha fudistempu zilizoibiwa ulihusu wizi wa mpaka 20 Desemba 2024 tu, kwahiyo kujikinga ni muhimu kuliko zamani, PIN ya 1234 au mwaka wa kuzaliwa iacheni.

Kama iliingia pungufu, ruka nenda kwenye sehemu ya hela kupungua hapo chini.

Kama haikuingia kabisa, basi kesi imefungwa au muda wake umeisha, na kwa kawaida kuna barua inayosema hivyo. Swali ni iko wapi. Hapa ndipo adresi inapokuja. Angalia sanduku la posta la apatimenti yenu, namba ya apatimenti iko kwenye barua? Jina la anayepokea limeandikwa ndani ya sanduku au ni jina la mpangaji wa zamani? Mwenye posta akikuta jina asilolijua saa zingine anairudisha. Na mkihama msitegemee kwamba posta itazihamisha barua za ofisi, nyingi zinarudishwa zilikotoka, na barua ikirudi ofisini wao wanaandika "hajulikani alipo" na hapo safari ya kufungiwa imeanza. Dawa ni mbili: fungua akaunti ya mtandaoni ya jimbo lako ambako barua zote zinabaki hata kama karatasi imepotea, na jiandikishe bure kwenye Informed Delivery ya posta, wanakutumia kwa imeili picha za bahasha zinazokuja siku hiyo, kwahiyo kama mtoto kaichukua bahasha kaiweka kwenye begi la shule utajua ipo.

Barua ukiipata tafuta vitu vitatu tu kwanza: tarehe iliyoandikwa juu, ni msaada gani unaozungumziwa, na ile sentensi moja ya sababu. Kurasa zingine ni maneno ya kisheria yanayojirudia. Alafu angalia sana tarehe ya mwisho imeandikwaje. Wamarekani wanaanza na mwezi, 03/04 ni tarehe 4 Machi, si tarehe 3 Aprili. Mtu aliyesoma Kongo au Bongo anaiona hiyo anasema bado nina mwezi mzima, anaweka bahasha juu ya friji, na kufikia Aprili kesi imeshafungwa. Hili linawapata watu wasomi kabisa.

Sababu utakazokuta mara nyingi kwa kadi tupu ni hizi mbili. Ya kwanza ni ripoti ya katikati. Majimbo mengi yanakupa fudistempu kwa miezi 12 lakini ukifika mwezi wa sita tangu ukubaliwe wanatuma fomu ya kuuliza kama kuna kilichobadilika, na watu wanaitupa kwasababu wanasema "mimi nimeshafanya riniu mwaka huu". Hiyo siyo riniu, yaani kuomba upya muda wa kesi unapoisha, ni ripoti, na isiporudi inafunga kesi vilevile, hata kama hakuna kilichobadilika unairudisha ukiandika hakuna kilichobadilika. California wanaiita SAR 7, inatakiwa ifike kufikia tarehe 5 ya mwezi wake na inauliza kipato cha mwezi uliotangulia, watu wanajaza cha mwezi huu na peistabu (karatasi za mshahara) za mwezi mwingine, inarudishwa. Jimbo lako linaweza kuiita jina lingine na kuipa tarehe nyingine, soma kwenye fomu yenyewe.

Ya pili ni riniu kamili, muda wa kesi umefika mwisho. Ukituma maombi kufikia tarehe 15 ya mwezi wa mwisho na ukamaliza intavyu na karatasi, hela haikatiki. Ukichelewa usikate tamaa ukaanza kukopa mchele, ndani ya siku 30 baada ya muda kuisha bado wanaipokea kama riniu, ila wanahesabu kuanzia siku uliyoleta kwahiyo mwezi huo unapata kipande.

"Sisi tulituma, wao wanasema hawajapata"

Hii ndio malalamiko ya kila siku na mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli. Fomu ilitumwa, na kwenye kesi haimo.

Angalia sahihi kwanza. Fomu bila sahihi kwao si fomu. Alafu angalia kurasa za nyuma, watu wanapiga picha upande wa mbele tu wakati maswali yanaendelea nyuma. Alafu peistabu, wanataka za siku 30 zilizopita, sasa ukilipwa kila wiki mbili hizo ni mbili, ukilipwa kila wiki ni nne, ukileta moja wanasema haijakamilika, na kwao isiyokamilika na isiyofika zote mwisho wake ni mmoja.

Kisha kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi ya watu wengine. Wakimbizi wengi waliandikishwa kambini kwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, na majina yetu yanajirudia, na saa ingine jina la ukoo limewekwa mbele kwenye karatasi moja na nyuma kwenye nyingine. Ukituma faksi imeandikwa jina tu, karani ana watu watano wa jina hilo waliozaliwa 1 Januari, karatasi yako inaenda kwenye kesi ya mtu mwingine na hapo utasubiri mpaka uchoke. Kwahiyo andika namba ya kesi kwa peni juu ya KILA ukurasa, si ule wa kwanza pekee, maana kwenye mashine zao kurasa zinaachana.

Kuhusu ushahidi: ukituma kwa apu au tovuti piga skrinshoti ya ukurasa unaosema imepokelewa, ukituma faksi tunza kile kikaratasi cha uthibitisho, ukipeleka mkononi omba waigonge muhuri wa tarehe kwenye kopi yako. Lile sanduku la kudumbukiza nje ya ofisi mimi silipendi, halikupi kitu chochote mkononi, kama hakuna njia nyingine basi piga picha bahasha ikiwa imeandikwa namba ya kesi kabla hujaiachia. Na kumwambia keswaka kwa mdomo, hata kama ni mtu mzuri na mnaelewana, si ripoti mpaka umwombe aandike kwenye kesi na akutajie tarehe aliyoandika.

Barua inasema ulikosa intavyu

Wanapiga simu kwa namba iliyofichwa au usiyoijua, sisi tunadhani ni tapeli hatupokei, voismeili imejaa au haijawahi kufunguliwa, basi. Wiki ya intavyu pokea kila simu, hata zile zinazoonekana za ajabu, na futa voismeili iwe na nafasi.

Chanzo kingine ni saa. Barua imeandika 9:00 AM, mtoto anamwambia bibi "saa tisa", bibi anamaliza shughuli zake anakaa karibu na simu saa tisa ya alasiri. Simu ilishapigwa asubuhi saa tatu. Mkiwasomea wazee barua waambieni kwa saa zao.

Ukikosa wanatakiwa wakutumie taarifa kwamba umekosa na ni juu yako kuomba siku nyingine, usikae kusubiri wapige tena wao. Ukiomba kabla siku 30 za maombi hazijaisha kesi inaendelea kama kawaida. Na mkalimani ni bure, ni haki, ofisi ndio inalipa, unasema "Swahili" tu wanakuunganisha. Tafadhali msimtumie mtoto wa miaka 12 kutafsiri maswali ya kipato, hajui tofauti ya mshahara kabla ya makato na baada ya makato, na hiyo tofauti ndio kesi yenyewe. Kama mkalimani aliyeletwa anaongea Kiswahili usichokielewa, inatokea sana kati ya watu wa Kivu na wakalimani wa pwani, sema huelewi wabadilishe, usiitikie "ndiyo ndiyo" kwa heshima.

Hela imepungua na hakuna kilichobadilika kwetu

Kwa upande wenu hakijabadilika, kwenye kompyuta yao kimebadilika. Piga simu uombe wakutumie karatasi ya hesabu, bajeti ya kesi, alafu linganisha mstari kwa mstari.

Mshahara kwanza. Wewe unalipwa kila wiki mbili, unajumlisha mbili unapata kipato cha mwezi. Wao hawafanyi hivyo, kwa kawaida wanachukua wastani wa malipo wanazidisha kwa 2.15, na anayelipwa kila wiki wanazidisha kwa 4.3, sababu mwezi si wiki nne kamili. Kwahiyo cheki za dola 800 mbili kwako ni 1,600, kwao ni 1,720. Hiyo si makosa, usipoteze siku yako kuipigania. Kinachostahili kupiganiwa ni kama zile peistabu ulizotuma zilikuwa na ovataimu ya msimu, kwa mfano kiwanda cha nyama au ghala kabla ya Krismasi watu wanapiga masaa 60, alafu Januari yanarudi 40 au pungufu, lakini bajeti imeshafungwa kwenye ile ya 60 na inakwenda hivyo miezi sita. Hapo unaripoti kipato kimeshuka, unaleta peistabu mpya, wanalazimika kuifanyia kazi. Kuripoti si kitu cha kujiumiza tu, nusu ya ripoti zinazotusaidia hatuzipeleki.

Alafu tazama upande wa matumizi. Kodi ya nyumba imepanda na hukusema? Hawajui. Kulipia mtoto deikea? Hawajui. Mzee wa miaka 60 na kuendelea, au mwenye ulemavu aliyethibitishwa, anaweza kuhesabiwa gharama za matibabu zinazozidi dola 35 kwa mwezi anazolipa mwenyewe, dawa, miwani, hata usafiri wa kwenda hospitali, na hii ndio naona watu wengi wameiacha mezani kwasababu swali la matibabu kwenye fomu wanaandika "hapana" wakidhani wanaulizwa kama ni wagonjwa.

Na mwisho kabisa, nani yuko kwenye orodha ya nyumba. Kijana aliyehama kwenda chuo, binamu aliyekuja kukaa "wiki mbili" sasa mwaka unaisha. Kwenye fudistempu kinachoangaliwa ni watu wanaonunua na kupika pamoja, binamu anayejipikia mwenyewe anaweza asiwe kwenye kesi yako, lakini kama ni mume na mke, au mtoto chini ya miaka 22 anayeishi na mzazi, hao wanahesabiwa pamoja hata wakinunua sufuria zao.

Sasa ni lini LAZIMA niseme katikati ya muda?

Kwa fudistempu majimbo mengi siku hizi wanatumia utaratibu mwepesi, huripoti kila senti. Kati ya fomu na fomu lazima useme kama kipato cha nyumba nzima kabla ya makato kimevuka kiwango kilichoandikwa kwenye barua yako ya kukubaliwa, hiyo ni 130% ya mstari wa umaskini kwa idadi ya watu wenu, kama umeshinda hela nyingi za bahati nasibu au kamari, na kama uko kwenye kanuni ya kazi (iko hapo chini) masaa yako yameshuka chini ya wastani wa 20 kwa wiki. Una mpaka siku 10 baada ya mwezi huo kuisha. Tafuta hiyo namba ya dola kwenye barua, iandike kwenye karatasi uibandike jikoni, ni rahisi kuliko kukumbuka sheria.

Ila usije ukachukua huo wepesi ukaupeleka kwenye misaada mingine, kila mmoja una masharti yake, na SSI ndio kali kuliko wote.

Barua inazungumzia miezi mitatu na masaa 80

Hii ni kanuni ya kazi kwa watu wazima wasio na watoto wadogo. Usipofikisha masaa 80 kwa mwezi ya kazi, mafunzo au kujitolea, unapata fudistempu miezi 3 tu ndani ya miaka 3. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imeipanua, zamani ilikuwa mpaka miaka 54 sasa ni mpaka 64, na mzazi anasamehewa kama ana mtoto chini ya miaka 14, zamani ilikuwa chini ya 18. Kwahiyo kuna baba wa miaka 58 aliyekuwa hajawahi kuulizwa sasa anaulizwa.

Ukiona barua hii angalia kwanza kama unastahili msamaha, maana wengi wanao na hawajui: mwili au akili haviruhusu kufanya kazi, mjamzito, unamhudumia mtu asiyejiweza. Kwa ugonjwa mwombe daktari aandike kwamba huwezi kufanya kazi, asiandike tu "ana kisukari", maana karani hawezi kukisia. Kama unafanya kazi tayari tatizo ni kwamba masaa hayajaletwa, leta peistabu. Kujitolea nako kunahesabika, lakini barua ya kanisani iseme masaa mangapi mwezi gani na isainiwe, "anatusaidia sana" haitoshi.

SSI imeshuka, au imesimama

Hapa nitakaa kidogo. SSI unaripoti kila badiliko kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata lile badiliko, na ukichelewa bila sababu nzuri wanaweza kukukata faini ya dola 25, mara ya pili 50, kisha 100. Mshahara wanataka uripotiwe ndani ya siku 6 za mwanzo wa mwezi, kwa simu ya mashine au apu yao, na ukiripoti kazi wanakupa risiti, usiitupe.

Dalili ya kwanza, hela inapanda na kushuka kila mwezi. Kama kuna mtu anafanya kazi hiyo ni kawaida, na inachanganya kwasababu mshahara wa Januari unagusa SSI ya Machi. Hesabu yao: wanaacha dola 20 na dola 65, kinachobaki wanagawa kwa mbili ndio wanapunguza. Umepata 500, toa 85 inabaki 415, nusu yake ni 207.50, hiyo ndio inakatwa. Mwezi wenye cheki tatu ukapata 750, inakatwa 332.50. Kwahiyo mara mbili kwa mwaka anayelipwa kila wiki mbili anaona SSI imeporomoka na hakuna aliyemdhulumu, ni cheki ya tatu ya miezi miwili nyuma.

Dalili ya pili, wanasema una mali nyingi. Kikomo ni dola 2,000 kwa mtu mmoja na 3,000 kwa mume na mke, na wanaangalia salio lililopo mwezi unapoanza, tarehe 1. Social Security wanaweza kuangalia benki moja kwa moja kwa kompyuta. Sasa sisi tuna likelemba, upatu, chama, ita unavyoita, na tuna michango ya misiba. Mama mwaminifu ndio anapewa kushika hela, zinapita kwenye akaunti yake, tarehe 1 kuna dola 3,400 za msiba wa mtu mwingine, na kwenye karatasi ni zake. Kuthibitisha si zake inawezekana lakini ni kazi, utatafuta barua za waliochanga na siku zilipotoka. Ushauri wangu hapa hauna kona: mwenye SSI asishike hela ya kikundi, hata kwa usiku mmoja, mpeni mtu mwingine.

Dalili ya tatu, SSI imekatika baada ya safari. Ukikaa nje ya Marekani siku 30 au zaidi inasimama, na ukirudi haianzi papo hapo, unatakiwa ukae ndani siku 30 mfululizo. Mzee amekwenda Bujumbura kuzika akapata malaria akarudi baada ya wiki sita, alivyorudi akadhani ni kosa la benki. Toa taarifa kabla ya kusafiri na urudipo nenda na pasipoti yenye mihuri pamoja na tiketi.

Dalili ya nne, miaka. Aliyeingia kama mkimbizi na hajawa raia ana miaka 7 tu ya SSI. Hapa hakuna fomu ya ripoti itakayookoa, kinachookoa ni uraia, na mkimbizi anaweza kuomba uraia akifikisha miaka 5 tangu aingie kwasababu grinkadi yake inahesabiwa kurudi nyuma mpaka siku ya kuingia. Mzee asiyeweza kujifunza Kiingereza kwa sababu ya ugonjwa kuna fomu N-648 inayojazwa na daktari. Msingoje mwaka wa saba.

Jambo dogo la afueni: tangu 30 Septemba 2024 chakula unachopewa na ndugu hakipunguzi SSI tena. Kuishi bure kwenye nyumba ya mtu bado kunaweza kuipunguza, kwahiyo kama mzee anachangia kodi iwe kwa hundi au kitu chenye alama, si kwa pesa mkononi.

Medicaid imefungwa lakini fudistempu zinaendelea

Kwanza usishangae, ni kesi mbili hata kama keswaka ni mmoja. Medicaid kwa kawaida inapitiwa kila miezi 12, jimbo linajaribu kwanza kujithibitishia lenyewe kwa kompyuta, likishindwa linatuma fomu unayopewa angalau siku 30 kuirudisha. Ukifungiwa kwa sababu ya fomu kwa kawaida una siku 90 za kuileta bila kuanza maombi upya, tumia hiyo, usikubali mtu akwambie lazima uanze mwanzo. Watoto wanaweza kustahili hata kama wazazi wamevuka kipato, kwahiyo barua ikisema "mama amefungwa" soma tena uone watoto wako mstari gani. Kuanzia 2027 watu wazima walioingia kwa ule upanuzi wa Medicaid, yaani majimbo yaliyoifungulia watu wazima wa kipato kidogo, watakuwa na masaa 80 ya kazi kwa mwezi na kupitiwa kila miezi sita, kwahiyo barua zitaongezeka.

Barua inataja hali ya uhamiaji

Sheria ileile ya Julai 2025 iliwatoa kwenye fudistempu wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata grinkadi, na kwa Medicaid mabadiliko yanayofanana na hayo yamepangwa kuanza 1 Oktoba 2026. Chanzo cha kurekebishika ni kwamba tayari una grinkadi na ofisi haijui, kwenye kesi bado umeandikwa mkimbizi. Peleka kopi ya mbele na nyuma, na I-94 ya siku uliyoingia pamoja nayo. Watoto waliozaliwa hapa ni raia, hawaguswi, hakikisha hawakufungwa pamoja nawe.

Barua ya deni

Wanaita malipo ya ziada. Usiitupe na usikimbilie kulipa.

Kwa SSI una siku 60 kupinga kwa fomu SSA-561 kama unaona si kweli au hesabu si sahihi. Kama ni kweli lakini halikuwa kosa lako na huna uwezo, unaomba wasamehe kwa SSA-632, na ukiomba ndani ya siku 30 hawaanzi kukata mpaka waamue. Kama huna cha kupinga na msamaha hupati, ila kile wanachokata kila mwezi ni kikubwa, omba kipunguzwe.

Kwa fudistempu angalia deni limepewa jina gani. Kuna kosa la ofisi, kuna kosa la familia bila kukusudia, na kuna udanganyifu wa makusudi. Mawili ya kwanza wanakata 10% ya fudistempu za mwezi au dola 10, kile kilicho kikubwa, ndio, hata kosa likiwa lao wanakudai. La tatu ni 20% na kufungiwa mwaka mzima mara ya kwanza, miaka miwili mara ya pili, ya tatu maisha. Sasa kuna karatasi wanakuletea, anakuja mpelelezi kwa upole anasema saini hapa tumalize usihangaike na kikao. Hiyo saini ni ya kukubali kuacha haki ya kusikilizwa, na ukishasaini unafungiwa. Usisaini kitu chochote cha udanganyifu kabla mwanasheria wa msaada wa bure hajakisoma, kila jimbo wana ofisi zao na ukipiga 211 watakuelekeza ya karibu.

Kwa kukatwa kwingine kokote kwa fudistempu una siku 90 kuomba usikilizwe, lakini ukiomba ndani ya siku zilizotajwa kwenye barua, mara nyingi 10 tangu tarehe iliyo juu ya barua, si tangu siku uliyoifungua, zinaendelea kuingia kama zamani mpaka kikao, mradi muda wa kesi haujaisha. Ukishindwa utarudisha hizo za katikati, kwahiyo omba hivyo kama una karatasi zinazokuunga mkono, na kama huna, omba kikao bila kuendelea kulipwa wakati unazitafuta.